Aliyetuvisha Kofia

Sikumtambua mpaka alipocheka. Tulikuwa harusini Shanzu mwezi uliopita, nimekaa mezani na wanawake wa rika langu, sahani ya pilau mbele yangu, alipopita mzee mmoja mwenye bakora na kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akija kuwasalimu jamaa zake waliokuwa meza yetu. Akanitazama kitambo, akauliza kama si mimi Mwanaidi wa kiwandani Changamwe. Nikasema ndimi. Basi akawageukia wenzangu akawahadithia kwamba zamani alikuwa msimamizi huko, na alikuwa na mabinti wake waliofanya kazi katika chumba cha barafu, na waliishi naye kama jamaa moja. Siku hizo, akasema, hakuna aliyemjali mfanyakazi, ila yeye alihangaika hadi mabinti wale wakapata kofia za kuwakinga na baridi. Akanionyesha kwa ncha ya bakora. "Muulizeni huyu. Ni mimi niliyewavisha kofia." Wanawake wakanigeukia wakitabasamu, wakingoja nikubali. Mimi nikatia kijiko mdomoni, nikatafuna, nikaendelea kutafuna mpaka akaondoka. Mwenzangu mmoja akasema huyo mzee ana moyo mzuri, Mungu amweke. Nikamwitikia amin, kwa kuwa mtu akiombewa dua huitikiwa, na amin hiyo ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Hasira ile nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku hiyo. Watu husema umri hupoza damu. Mimi nina miaka sitini na mitatu, magoti yameshaanza kunisaliti, na damu haijapoa hata kidogo. Angesema hanikumbuki ningesamehe, kwa maana mzee husahau. Angenyamaza akala chakula chake, ningenyamaza nami nikala changu, kama tulivyonyamaziana miaka yote hii. Lakini kuichukua kazi ya mikono ya mwanamke mwingine, mwanamke aliyemfukuza kazi kwa ajili ya kazi hiyohiyo, na kujivika yeye mbele ya sahani za harusi, hilo limenishinda. Kwa hivyo naandika habari za mwaka ule. Kwa nini niliondoka kwetu Mishomoroni na kwenda kupanga chumba Magongo si mambo ya sura hii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa kufunga pweza na samaki katika kiwanda kimoja kilichokuwa kikiuza ng'ambo.

Mtu asiyefanya kazi pale hawezi kuamini kwamba Mombasa, mji ambao mtu huamka akiwa amelowa jasho, una mahali ambapo pumzi hugeuka moshi. Chumba tulikiita friza. Mlango wake ulikuwa mnene kama ukuta, na ukiingia, kitu cha kwanza kushikwa na baridi kilikuwa ni nywele za puani, zikasimama kama sindano. Juu kulikuwa na mapanka makubwa yaliyopuliza baridi mchana kutwa, na kelele yake ilitufanya tuzungumze kwa mikono. Tulivaa buti za mpira na koti moja moja la turubai ambalo wa zamu iliyotangulia walilivua likiwa bado na unyevu wao. Kichwani tulipewa kitambaa cheupe cha pamba, chembamba, cha kuzuia nywele zisianguke kwenye samaki. Hicho ndicho kilichokuwa kinga yetu. Tulikuwa kumi na mmoja katika zamu ya asubuhi, wanawake watupu, na kila saa tulitolewa nje kidogo tukasimama juani, mvuke ukatutoka mabegani kama vyungu vilivyofunuliwa. Madereva wa malori walikuwa wakituangalia na kucheka. Walidhani tunachezacheza.

Msimamizi, huyu mzee wa bakora, tulimwita Bwana Stoo, kwa sababu funguo zote za stoo zilikuwa mkandani mwake na zilitangulia kusikika kabla yake. Alikuwa mtu wa pwani kama mimi, msafi, mwenye maneno laini. Hakuwahi kutukana. Aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, nilimpa shikamoo kila asubuhi na kumwitikia "abee" kila aliponiita. Nayataja haya kwa kuwa adabu yangu ile ndiyo aliyokuja kuitumia baadaye, kama mtu anavyotumia mpini wa kisu.

Kitanda cha pili katika chumba cha Magongo kilikuwa cha Kalondu. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, Mkamba wa Kangundo, mwenye binti aliyemwacha kwa mama yake. Alikuwa mrefu, mkimya, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akisubiri maji yachemke, vidole vyake vilikuwa vinasokota kitu. Chumba kilikuwa kidogo hata tukitaka kupishana mmoja alipanda kitandani, dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na tukipika makaa mlangoni moshi uliingia ndani kabla yetu. Jumapili alinipikia muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa na maharagwe, na mimi nikalalamika kwamba ni makavu, nikachukua mbuzi ya kukunia nikakuna nazi nikatia tui. Alionja, akasema nimeharibu chakula cha babu zake, na akala sahani mbili. Toka siku hiyo hatukupika muthokoi bila tui. Kiswahili changu kilimchekesha kwa urefu wake. Alisema mtu wa pwani akitaka chumvi huanza na salamu za ukoo mzima.

Kofia zilianza kwa sababu ya masikio ya Mishi. Mishi alikuwa Mdigo wa Likoni, mdogo kwangu kwa mwaka, mchekeshaji wa zamu yetu, na alikuwa ameposwa. Alikuwa akivuka feri alfajiri na kufika kabla yetu sote. Yeye ndiye aliyepangwa karibu na mapanka, na miezi michache tu baada ya kuanza, ncha za masikio yake zikavimba zikawa nyekundu, kisha zikatoa malengelenge, yakapasuka, ngozi ikawa inabambuka kama ya kitunguu. Alivua vipuli vyake akavifunga kwenye pindo la leso. Akatuambia kwa mzaha kwamba yeye atakuwa bibi arusi wa kwanza Likoni kuolewa masikio matupu kama mwanamume. Tulicheka. Kalondu hakucheka. Alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku akiyatazama yale masikio, na siku ya mapumziko akaniambia tuende Kongowea.

Kule Kongowea, kwenye mitumba, alipita nguo zote nzuri asizitazame. Alikwenda kwenye rundo ambalo hapakuwa na mtu, la sweta. Nani hununua sweta Mombasa? Mwenye rundo alifurahi kutuona kama aliyefikiwa na wageni kutoka safari. Kalondu alichagua zilizotoboka na zilizochanika viwiko, akazinusa, akazivuta kujua kama ni sufu ya kweli. Tuliporudi alinikalisha kitandani, akanielekeza ninyooshe mikono, akatafuta mwisho wa uzi kwenye shingo ya sweta ya kwanza, akavuta. Sijawahi kuona kitu kikifumuka namna ile. Safu baada ya safu ilijifungua kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekula njugu, na uzi ukawa unazunguka mikononi mwangu, umejikunja mikunjo ya mahali ulipokaa miaka mingi. Tuliufua, tukauanika kwenye kamba ya uani ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke, na majirani wakauliza kama tunafanya uganga. Wa rangi ya zambarau, wa kijani kibichi, wa kahawia, mwingine mwekundu uliochuja. Kisha akatoa sindano yake yenye ncha ya kulabu, nyembamba, iliyong'aa kwa kushikwa, akaanza.

Kofia huanzia utosini. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa, na bado nawaambia wajukuu. Unafanya kitanzi, ndani ya kitanzi unafuma vitanzi sita, halafu unazunguka, na kila mzunguko unaongeza vitanzi ili duara lilale sawa kama chapati. Usipoongeza, linajikunja kama bakuli. Ukiongeza mno, linafanya mawimbi. Likifika upana wa kichwa unaacha kuongeza, unateremka tu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka masikio yafunikwe. Ya kwanza niliyoifuma mimi ingetosha chungwa. Kalondu aliifumua yote, akanirudishia uzi. Ya pili akaifumua. Ya tatu aliivaa mwenyewe, akasema, "Hii inaenda kazi." Nimepewa sifa nyingi maishani, na vyeti viwili, na hakuna iliyonifikia kama hiyo. Tulifuma kila jioni baada ya chakula, mlango wazi, taa ya chemli katikati, na alinisimulia habari za Kangundo, jinsi asubuhi za Julai zinavyouma kule na jinsi shangazi yake alivyokuwa akifuma kofia akitembea njiani na ndoo kichwani. Yake ya kwanza kabisa tulimpelekea Mishi, ya zambarau, ndefu upande wa masikio. Mishi aliizungusha vidoleni akauliza, yeye mtoto wa kike avae kofia, keshokutwa aambiwe ende akaswalishe? Kisha akaivaa, akaingia friza, na alipotoka saa ya kuota jua alikuja moja kwa moja kwa Kalondu akamkumbatia bila mzaha wowote.

Kabla ya mwezi kuisha wote kumi na mmoja tulikuwa na kofia juu ya kile kitambaa cheupe. Siwezi kueleza tofauti yake kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa na kichwa kwa baridi. Uso ulikuwa bado unauma, vidole vilikuwa bado vinauma, lakini kichwa kilikuwa chetu. Tulifikiri tena. Tuliimba. Na mahali pale penye samaki weupe, barafu nyeupe na kuta nyeupe, rangi zile zilitufanya tuonane kwa mara ya kwanza. Bwana Stoo aliziona siku ya tatu. Alisimama mlangoni funguo zikimlia, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa upole kwamba uzi hutoa manyoya, manyoya huingia katika samaki, na mnunuzi wa ng'ambo akikuta unyoya mmoja sisi sote hatuna kazi. Akapita na ndoo ya matumbo ya samaki akatwambia tuzitie humo. Humo. Si mfukoni twende nazo nyumbani. Tukatia. Kalondu alibaki wa mwisho, na hakutia. Alimwambia, kwa kile Kiswahili chake kifupi, "Sawa. Kama yetu ni chafu, leta ya kampuni. Vichwa viko hapa, vinangoja." Bwana Stoo akajibu kwamba kampuni bado haina vitu hivyo, vikija tutapewa, subira ni ibada. Akanyoosha mkono, akamvua kofia mwenyewe, akaitia ndooni.

Jioni ile Kalondu alianza upya. Sikumsikia akilaani. Alifumua sweta nyingine, akaosha uzi mara mbili, akaupitisha juu ya moto manyoya yakaungua, akafuma kwa vitanzi vilivyokazana hata maji yasingepita. Tukazivaa chini ya kile kitambaa cheupe, si juu, na kwa miezi kadhaa hatukuonekana. Nikumbuke hapa pia kwamba Mishi alikwenda kwa Bwana Stoo mara mbili kuomba aondolewe karibu na mapanka kwa ajili ya masikio yake, na mara zote mbili aliambiwa ajipake mafuta ya nazi.

Kisha wakaja wageni. Tulitangaziwa kwamba wanunuzi wanakuja kukagua, na asubuhi hiyo tuliitwa stoo badala ya friza. Bwana Stoo akafungua mlango ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Ndani, zimepangwa hadi darini, zilikuwa katoni. Ya kwanza ilipokatwa utepe wake, utepe ule ulikuwa umeshageuka manjano, na katika mkunjo wa kifuniko mjusi alikuwa ametaga mayai, yakaangua, na maganda yakabaki. Nayakumbuka maganda hayo kuliko nyuso za wageni. Mle katonini mlikuwa na makoti mazito yenye pamba, glavu za ngozi, na kofia zenye manyoya ndani na masikio ya kufunga chini ya kidevu. Bado zina vibandiko vya dukani. Zilikuwa zikinuka dawa ya mende kwa kukaa. Tulikuwa tukitetemeka hatua thelathini kutoka mahali zilipo, mwaka mzima, na huyu mtu alipita na ufunguo wake kiunoni kila siku akitwambia subira ni ibada. Tulivaa. Wageni wakapita na daftari zao, mwanamke mmoja mzungu akatupiga picha, akatuuliza kwa ishara kama tuna joto, na sisi tukaitika kwa vichwa, kwa maana siku hiyo ilikuwa kweli.

Saa ya kutoka tulipangwa foleni getini kurudisha. Koti, glavu, kofia, moja moja, zikirudi katonini. Mishi alikuwa mbele yangu. Masikio yake yalikuwa mabichi siku hiyo, na ndani ya ile kofia maji ya vidonda yalikuwa yamekauka yakashikana na manyoya. Alimwomba Bwana Stoo ampe maji ya vuguvugu ailowanishe kwanza ndipo aivue. Wageni walikuwa wameshaondoka. Bwana Stoo akasema gari la wafanyakazi linangoja, na akaivuta. Sauti aliyotoa Mishi ilikuwa ndogo. Alijishika upande wa kushoto, na nilipomsaidia kutoa mkono niliona ndewe ya sikio imechanika, kipande kimeondoka na kofia, na damu inamteremka shingoni ikiingia ndani ya kanzu. Bwana Stoo aliitazama ile kofia ndani, akakunja uso, akaiweka kando na nyingine. Kalondu akavua leso yake akamfunga Mishi kichwa kizima kama mama anavyomfunga mtoto mwenye mafua.

Asubuhi yake alituambia kitu kimoja tu, kwamba yeye leo haingii bila kofia kichwani, juu ya kitambaa, aonekane, na asiyetaka asimfuate. Tulimfuata wote. Tulisimama mbele ya mlango ule mnene na kofia zetu za mitumba, zambarau, kijani, nyekundu, kumi na mmoja pamoja na Mishi aliyekuja amefungwa bendeji, na tukamwambia Bwana Stoo kwamba tutaingia akizifungua zile katoni. Nimezaa, nimezika, nimehiji, na bado nasema hiyo ilikuwa saa moja ya maisha yangu niliyosimama wima kabisa. Ilikuwa saa moja. Baada ya hapo alianza kutuita ofisini, mmoja mmoja.

Niliitwa wa nne. Kulikuwa na feni, na kikombe cha chai ya maziwa kilichomiminwa kwa ajili yangu. Akaniita, "Mwanaidi, mwanangu," nami nikaitika abee. Akaniwekea karatasi. Iliandikwa kwamba uzi wa sufu ulipatikana ndani ya katoni ya pweza, kwamba uzi huo ulitoka katika kofia zilizoletwa kiwandani na Kalondu kinyume cha amri, na kwamba yeye ndiye aliyetushawishi tusifanye kazi. Nilisoma yote. Nikamwambia hakuna uzi uliopatikana. Hakukasirika. Aliniambia mimi na yeye ni watu wa hapa, tunajuana kwa mizizi, na yule ni mtu wa bara, amekuja na atarudi kwao, kesho nitamtafuta nisimwone, lakini mimi nitabaki Mombasa hii hii nikitafuta kazi kwa watu hawa hawa. "Usikubali mgeni akuharibie kwenu," akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mjomba. Nikachukua kalamu. Nimejiambia miaka mingi kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa, na yote ni kweli, ila kuna jambo la kweli zaidi, nalo ni kwamba kwa dakika ile maneno yake yalinipendeza. Nilipenda kuwa wa hapa. Nilitia sahihi, nikanywa chai.

Tisa tulitia. Mishi hakujua kusoma, akaambiwa aweke dole gumba. Akauliza karatasi yasemaje, akasomewa, akasema dole lake halijawahi kusema uongo na halitaanza leo, akatoka. Mishi, aliyekuwa na sababu kuliko sisi sote ya kutaka fedha za harusi. Yeye na Kalondu waliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Nilipofika chumbani nilimkuta Kalondu ameshakunja godoro lake. Alikuwa akifunga nguo zake bila haraka. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Akaniuliza, "Ulisoma kabla ya kuandika jina?" Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema, akaendelea kufunga. Alinipita mlangoni na mzigo wake begani kama mtu anavyompita asiyemjua.

Sasa sikilizeni kofia zilivyopatikana. Yule mwanamke mzungu alipokwenda kwao akazitazama picha zake, aliona vibandiko vya dukani vikining'inia kwenye kofia zetu. Akaandika barua kuuliza kwa nini. Karani aliyeipokea ndiye aliyetuambia. Ikaja amri kutoka juu, katoni zikafunguliwa, na Bwana Stoo akatukusanya, akatoa hotuba, akatugawia kwa mkono wake huku mpiga picha wa kampuni akisimama pembeni. Hiyo ndiyo hadithi anayoisimulia harusini. Mimi nilipewa yangu, nikaivaa, na ilikuwa na joto. Nilivumilia hadi mwisho wa mwaka, nikaacha.

Miaka mitano baadaye nilikwenda Kangundo. Nilimkuta Kalondu ana kibanda cha sweta za shule na mashine ya kufumia, binti yake amekuwa mkubwa. Alinikaribisha, akanipikia, akazungumza habari za mvua na bei ya uzi. Nilipoanza kuomba msamaha alininyamazisha kwa mkono. "Huo mzigo usiniachie mimi," akasema. "Hukuutoa kwangu." Sikumwelewa, au nilijifanya sikumwelewa. Nilirudi pwani, nikaolewa, nikafundisha ushoni katika chuo cha kina mama, nikawa mtu wa kuheshimiwa. Kalondu alifariki kabla sijapata kurudi kwake.

Baada ya harusi ya Shanzu nilivuka kwenda Likoni kwa Mishi. Yeye yu hai, ana wajukuu wengi kuliko mimi, na huvaa kipuli kimoja, cha kulia. Nilimhadithia yale yote aliyoyasema mzee mezani, nikapandisha sauti, nikapiga goti kwa kiganja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akichambua mchele. Halafu akaniuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Nikamwambia sikumjibu kitu, palikuwa na watu. Mishi akauacha mchele akaniangalia.

"Tena?" akasema.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilikwenda nyumbani kwake yule mzee. Nilimpa shikamoo kwa mazoea, nikajichukia, nikakaa. Alifurahi kuniona. Binti yake, mwanamke wa makamo, alileta kahawa na kaimati. Nikamwambia mzee kwamba nimekuja kusahihisha maneno ya harusini. Nikamtajia Kalondu, nikamtajia ndoo ya matumbo ya samaki, katoni, na sikio la Mishi. Nikamwambia kwamba karatasi ile ilikuwa uongo wake na sahihi ilikuwa yangu, na kwamba nimekuja kuutaja uongo huo na sahihi hiyo mbele ya watu wake. Alizungusha bakora mkononi. Akasema hayo ni mambo ya zamani, hayakumbuki, na kwamba mimi ni mtu mzima sasa, si vizuri kufukua. Akamwashiria binti yake aniongezee kahawa, kama mtu anayefunga mazungumzo.

Binti hakuniongezea kahawa. Aliweka birika chini, akavuta kiti akakiweka mbele yangu, akakaa, mgongo wake kwa baba yake.

"Endelea, mama," akasema. "Huyo Kalondu alikuwa nani?"